Tembea Uone: Mgeni Mwema wa Nansio

Mwezi huu twende Nansio. Nansio ni makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, katika Mkoa wa Mwanza. Mji huu uko katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Kisiwa hiki ni kikubwa kuliko visiwa vyote vilivyo ndani ya maziwa ya Afrika. Wilaya nzima ina visiwa 38. Vingine vina vijiji, shule na mashamba. Vingine ni mawe na ndege tu.

Pengine una dada aliyeolewa huko. Pengine unakwenda kununua dagaa au machungwa. Pengine unakwenda msibani. Au unataka tu kuona nchi yako. Zote ni sababu nzuri. Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini si kila mgeni humponya mwenyeji. Wako wageni ambao wakiondoka huacha hasara na maneno. Basi tusome pamoja jinsi ya kwenda Nansio, jinsi ya kukaa na jinsi ya kurudi salama.

SOMA TIKITI YAKO

Njia za kwenda Nansio ni mbili. Ya kwanza ni ya majini. Unapanda meli Mwanza mjini, katika bandari ya Mwanza Kaskazini. Meli hutumia muda wa saa tatu au nne, au zaidi kama ziwa limechafuka. Njia ya pili ni ya barabara. Unapita Bunda, katika Mkoa wa Mara, mpaka Kisorya. Hapo unavuka kwa kivuko mpaka Rugezi, ambayo iko kisiwani. Kutoka Rugezi unapanda gari mpaka Nansio.

Saa za kuondoka hubadilika. Uliza siku moja kabla. Mwulize mtu wa dirisha la tikiti. Usimwulize mpiga debe.

Ukikata tikiti, usiikunje na kuitia mfukoni. Isome. Zamani ulimpa mtoto wa shule akusomee. Sasa unaweza mwenyewe. Tazama mambo manne: jina lako, tarehe, jina la chombo na mahali unapokwenda. Kama jina si lako, irudishe dirishani. Usiseme, "Haidhuru, bora nifike." Kama una mtoto, uliza kama naye ameandikwa. Usimpe mtu fedha mkononi akupitishe bila tikiti.

Kwa nini tunasema hivi? Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Ilikuwa inatoka Bukoba. Iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Siku ile ilikuwa na watu wengi kupita kiasi hicho. Watu zaidi ya 800 walikufa. Abiria wengi walikuwa hawakuandikwa majina. Kwa hiyo hesabu kamili haikujulikana. Ndugu walizunguka bandarini na hospitalini wakiuliza, "Je, na mtu wetu alikuwamo?" Wengi hawakupata jibu. Baadhi ya waliokufa walizikwa Igoma, Mwanza. Makaburi yao yako pale mpaka leo.

Jina lako kwenye karatasi ni kitu kidogo. Lakini siku ya shida, jina hilo ndilo linalowaambia watu wakutafute.

UKIFIKA, SALIMU KWANZA

Ukishuka gatini Nansio utaona watu wengi. Kuna vijana wa pikipiki na baiskeli. Kuna akina mama wenye mabeseni. Kuna wachukuzi wa mizigo. Usianze kwa kuuliza, "Hapa wapi kuna hoteli?" Anza kwa salamu. Mkubwa mwamkie Shikamoo. Akiitikia Marahaba, sasa sema shida yako. Mtu aliyesalimiwa vizuri hakuelekezi tu. Mara nyingi hukusindikiza.

Kisha ujue unaongea na nani. Mgeni hudhani kila mtu wa kisiwani ni Mkerewe. Sivyo. Ukerewe wako Wakerewe, wako Wajita, wako Wakara, na wako Wasukuma na watu wa makabila mengine waliofuata uvuvi na biashara. Kiswahili kinatosha kwa wote. Lakini mwombe mwenyeji wako akufundishe salamu moja ya kwao. Ukikosea watacheka kidogo. Wacheke tu. Kicheko hicho ni mlango wa kuingilia.

Kama utalala zaidi ya siku moja kijijini, mwenyeji wako akupeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji. Hii si kujipendekeza. Kiongozi hana budi kujua nani yumo katika eneo lake. Nawe ukiugua au ukiibiwa, utakuwa na mahali pa kuanzia.

KULA WANACHOKULA

Chakula cha kisiwani ni ugali wa muhogo na samaki. Kuna sato, sangara, dagaa, na furu wakipatikana. Kuna viazi vitamu. Viazi vilivyokatwa na kuanikwa huitwa michembe. Asubuhi unaweza kupewa michembe na chai. Kula. Usiseme, "Sisi kwetu tunakula wali." Mama aliyekupikia ameamka mapema kwa ajili yako. Kama tumbo lako halipatani na kitu fulani, sema kwa upole mapema, kabla chungu hakijawekwa jikoni.

Sokoni, jifunze kuchagua samaki kama wenyeji. Samaki mbichi mzuri ana matamvua mekundu na macho maangavu. Omba ruhusa kabla ya kumshika. Kataa samaki wachanga. Sheria inakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25. Mgeni anayenunua samaki wachanga kwa sababu ni rahisi anafanya kosa mara mbili. Anavunja sheria. Tena anamla samaki ambaye mwenyeji wake angemvua mwakani, akiwa mkubwa na amekwisha kuzaa.

Maji ya kunywa yachemshwe. Na usikimbilie kuoga ziwani kila unapoona maji matulivu yenye majani kandokando. Humo huishi konokono wanaoeneza kichocho. Mwulize mwenyeji wako maji ya kuoga yako wapi. Wala usijisaidie ziwani au kando ya ziwa. Maji hayo ndiyo kisima cha watu.

MGENI SIKU MBILI

Nikuambie kosa langu mwenyewe. Nilipofika mwaloni kwa mara ya kwanza, niliona kitu kinang'aa juu ya mchanga. Nilitaka kwenda kuona mitumbwi. Nikakata njia katikati. Mama mmoja akapiga kelele, "Baba, unakanyaga karo ya mtoto!" Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama juu ya dagaa walioanikwa.

Nilisimama pale nikiwa na haya. Yule mama hakunitukana. Alinipa ufagio. Tukafagia dagaa wangu waliochafuka, tukawatenga. Kisha nikamsaidia kugeuza wengine mpaka jua likawa kali. Tangu siku ile aliniita mwanawe. Nami nilielewa methali: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe siku ya kwanza!

Hivyo, msomaji, pita pembeni mwa wanaoanika dagaa, iwe ni juu ya mchanga, juu ya mawe au juu ya vichanja. Na ujue ratiba ya kazi hiyo. Dagaa huvuliwa usiku, kwa taa. Dagaa huifuata taa na wavuvi huwazoa kwa nyavu. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika. Usiku wa giza ndio wa kazi. Kwa hiyo ukimwona kijana amelala saa nne asubuhi, usimwite mvivu. Amekesha ziwani. Usipige redio kwa sauti kubwa mlangoni pake.

Kama unataka kujua Nansio kama wenyeji wanavyoijua, usikae chumbani ukingoje kutembezwa. Chota maji. Beba beseni. Menya muhogo. Watu huongea na mtu ambaye mikono yake ina kazi.

USIINGIE UGOMVI USIOUJUA

Wageni wamefika Ukerewe tangu zamani. Mwaka 1875 alifika Henry Stanley, msafiri kutoka Ulaya. Mtawala wa Ukerewe wakati huo aliitwa Lukonge. Stanley alihitaji mitumbwi ya kumvusha na watu wake. Hakuipata siku ya kwanza. Alikaa kama mgeni, akaongea na mtawala, akangoja. Mwishowe alipewa mitumbwi, akasafiri.

Miaka miwili baadaye walifika wamisionari Waingereza. Wawili kati yao waliitwa Smith na O'Neill. Kisiwani alikuwako mfanyabiashara aliyeitwa Songoro. Songoro na Lukonge waligombana. Wale wamisionari wakajikuta upande wa Songoro. Mwezi Desemba 1877 yalitokea mapigano. Songoro, Smith na O'Neill waliuawa, pamoja na watu wengi waliokuwa nao.

Leo hakuna mtu atakayekupiga mkuki Nansio. Lakini somo bado lipo. Kila mahali pana ugomvi wake. Kuna ugomvi wa mpaka wa shamba, wa mtumbwi, wa mirathi, wa siasa. Mgeni husikia upande mmoja wakati wa chakula cha usiku. Asubuhi anaanza kutoa hukumu. Usifanye hivyo. Sikiliza, nyamaza, na uwaachie wenye mji wao.

MTU WA KISIWANI ALIYEANDIKA KITABU

Wewe unayejifunza kusoma, ukiwa Ukerewe ulizia Kagunguli. Huko aliishi Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896. Aliona kwamba mila za Wakerewe zinasahauliwa, na vijana hawazijui. Akaandika hadithi ndefu kwa Kikerewe. Ni hadithi ya mtu na mkewe, Myombekere na Bugonoka, ambao hawakuwa na mtoto, na jinsi walivyopendana na kuhangaika. Ndani yake ameeleza kilimo, uvuvi, dawa, ndoa, pombe na mazishi ya watu wa zamani.

Alimaliza kuandika mwaka 1945. Hakupata mtu wa kuchapa. Alingoja. Akaifasiri hadithi hiyo yeye mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapwa Dar es Salaam mwaka 1980, baada ya miaka 35. Mwaka uliofuata, 1981, Mzee Kitereza alifariki. Baadaye kitabu chake kilifasiriwa kwa Kijerumani na Kiingereza.

Kwa hiyo mgeni asiseme kwamba kisiwani hakuna cha kujifunza. Mtu wa kijiji kama chako alikaa kisiwani akaandika, na watu wa Ulaya wanamsoma.

UKIVUKA KWENDA UKARA

Kaskazini mwa Ukerewe kuna kisiwa cha Ukara. Mkulima akifika Ukerewe ni vizuri avuke akaone Ukara. Ardhi yao ni ndogo na watu ni wengi. Kwa hiyo, tangu zamani sana, Wakara hufuga ng'ombe zizini, huwakatia majani, na hupeleka samadi shambani. Hupanda miti na kuitunza kama mali. Vijishamba vyao ni vidogo na vijia ni vyembamba. Tembea katika kijia. Usikate njia kupita shambani hata kama huoni mazao. Kila hatua ya ardhi hiyo ina mwenyewe.

Lakini kuna jambo jingine la kujua kabla ya kuvuka.

Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Bugolora, katika kisiwa cha Ukerewe. Ilikuwa siku ya gulio. Watu walikuwa wanarudi nyumbani Ukara na mizigo yao. Kivuko kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Kilibeba zaidi ya mara mbili ya hao. Kilipokuwa karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara, kilipinduka. Watu waliokuwa pwani waliona kwa macho yao. Wavuvi walikimbia na mitumbwi yao kuokoa. Watu 41 waliokolewa. Zaidi ya 220 walikufa. Mtu mmoja, fundi wa kivuko, alikutwa hai ndani yake baada ya siku mbili. Baadhi ya waliokufa walizikwa pamoja pale Bwisya.

Mwaka 2020 kililetwa kivuko kipya, kikubwa zaidi. Lakini makaburi yako pale pale, na watu wa Ukara huyapita wakienda kupanda chombo.

Wewe mgeni ukifika Bwisya, vua kofia. Simama kidogo. Usipige picha ukicheka. Usimwulize mtu wa huko, "Wewe ulipoteza nani?" Akitaka kukueleza, atakueleza. Akikueleza, msikilize mpaka mwisho. Usimkatize kwa kumwambia habari ulizosikia redioni.

WAKATI WA KURUDI

Sasa tufikie jambo kubwa la somo hili.

Tuseme siku zako zimekwisha. Uko gatini, una mfuko wa dagaa na kikapu cha machungwa. Chombo ni cha mwisho kwa leo. Unakiona kimejaa. Watu wamesimama mpaka ukingoni. Magunia yako juu ya magunia. Shemeji yako anakusukuma, "Panda tu, sisi tunapanda hivi kila siku."

Ufanye nini? Tumekuambia ule wanachokula wenyeji. Tumekuambia ufanye kazi wanayofanya. Je, na hapa ufanye kama wao?

La, ndugu msomaji. Kuishi kama mwenyeji si kuiga hatari. Tafuta maandishi yanayosema chombo kinaruhusiwa kuchukua watu wangapi. Usipoyaona, uliza. Wewe unajua tarakimu. Tazama 101 na tazama watu waliosimama. Kama watu wamezidi, usipande. Kama ulikwisha kupanda, shuka kabla kamba haijafunguliwa.

Lakini shuka kwa adabu. Usiwatukane wanaobaki. Usiseme, "Ninyi watu wa visiwani hamna akili." Mmoja ana mgonjwa. Mwingine ana samaki watakaooza. Mwingine ana watoto nyumbani hawajala. Wao huvuka kila wiki, wewe huvuka mara moja kwa mwaka. Ni rahisi kwako kungoja kesho kuliko kwao. Kwa sababu hiyo hiyo, wewe ndiye unayefaa kushuka kwanza. Ukishuka na mzigo wako, umewapunguzia wao uzito.

Kisha mwendee mkuu wa chombo au mtu wa bandari. Mwambie kwa sauti ya kawaida: "Ndugu, naona abiria wamezidi idadi iliyoandikwa. Naomba uhesabu." Akikukasirikia, usigombane naye. Mpelekee habari kiongozi wa kijiji au polisi. Safari ya mtumbwi pia ni hivyo hivyo. Uliza jaketi la kuokoa maisha kabla ya kulipa nauli. Livae. Usilikalie.

Na chombo kinapokaribia gati, kaa mahali pako. Usikimbilie upande mmoja ili uwe wa kwanza kushuka. Watu wote wakihamia upande mmoja, chombo hulala upande huo. Gati haliondoki. Utashuka tu.

Ukilala usiku mmoja zaidi kwa shemeji, hasara yako ni nini? Ni ugali wa muhogo mara moja zaidi. Na ukishafika kwenu, mpelekee mwenyeji wako ujumbe kwamba umefika. Kama unaweza kuandika, mwandikie. Mistari mitatu inatosha. Atampa mtoto asome, au atasoma mwenyewe. Hapo ndipo mwenyeji anapopona.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja mambo manne ya kusoma katika tikiti.

2. Kwa nini idadi kamili ya watu waliokufa katika MV Bukoba haikujulikana?

3. Katika kijiji chako, mgeni hufanya makosa gani? Je, mmewahi kumweleza, au mnamsema akishaondoka?

4. Chombo kimejaa, na wewe una mgonjwa wa kumpeleka hospitali. Utafanya nini? Jadilianeni. Jibu la swali hili si rahisi, wala msilimalize kwa haraka.